Kisu Hakiliki Ndani ya Kompyuta

Kuna kauli inayozidi kupata wafuasi katika vyuo vya uhandisi na katika ofisi za viwanda vinavyokata chuma: kwamba zama za kujaribu visu kwenye mashine zimekwisha. Ukitaka kujua kisu cha kabaidi kitadumu dakika ngapi kikikereza chuma fulani, wanasema, huna haja ya chuma, wala mashine, wala hadubini. Ingiza kwenye programu umbo la kisu, jina la chuma, kasi na kina. Iache kompyuta ikokotoe usiku kucha. Asubuhi utakuta picha yenye rangi inayokuonyesha makali yatalika wapi, kwa kiasi gani na baada ya muda gani. Kwa mtazamo huu, jaribio la karakana limebaki kuwa kazi ya wasiomudu leseni ya programu.

Naipinga kauli hii, na naipinga kwa sababu naijali fani yenyewe. Uigaji wa kompyuta ni chombo cha maana, na nitasema chini maana yake ni ipi. Lakini umebebeshwa ahadi usiyoweza kuitimiza. Programu hizi hazitabiri ulikaji wa kisu. Zinakokotoa halijoto na mkazo kwenye makali, kisha zinazidisha matokeo hayo kwa namba ambazo mtu fulani alizipata kwa kukata chuma halisi na kupima kisu halisi kilicholika. Ukikiondoa kipimo hicho, huna utabiri; una picha.

Tuutazame mlinganyo wenyewe, maana ndani yake ndimo ahadi hii inamovunjika. Mlinganyo unaotumika zaidi katika programu za kuiga ulikaji ni ule wa Eiji Usui na wenzake wa Japani, waliouchapisha miaka ya 1970 na 1980. Unasema hivi: kiasi cha kisu kinacholika kila sekunde kinategemea mkazo unaokandamiza chuma kwenye uso wa kisu, kasi ya chuma kupita juu ya uso huo, na halijoto ya mahali hapo. Mkazo na kasi vinaingia kwa uwiano wa kawaida: ukiongeza mara mbili, ulikaji unaongezeka mara mbili. Halijoto inaingia kwa njia ya kipeo, kwa hiyo ikipanda kidogo tu ulikaji unapaa. Kisha zimo thabiti mbili, A na B.

Mkazo, kasi na halijoto vinaweza kukokotolewa. A na B haziwezi. Hakuna kanuni ya fizikia inayokupa A ya aina fulani ya kabaidi dhidi ya aina fulani ya chuma. Zinapatikana kwa njia moja: unakata, unasimamisha mashine, unapima kilicholika, unakata tena, unapima tena, kisha unatafuta namba zinazolingana na ulichokiona. Takeyama na Murata, waliotangulia kuhusisha ulikaji na halijoto kwa mtindo huu mwaka 1963, nao walikuwa na visu vilivyolika mkononi. Kwa hiyo anayesema kwamba programu imemwondolea haja ya jaribio anasema jambo lisilowezekana. Jaribio limo ndani ya programu yake. Lilifanywa na mtu mwingine, kwa kisu kingine, kwa chuma kingine, na mara nyingi yeye hajui lilifanywa vipi.

Watetezi wanajibu: sawa, thabiti zinatokana na majaribio, lakini zikishapimwa mara moja kwa jozi ya kisu na chuma, zinatumika milele na kwa kasi yoyote. Hili ndilo jibu lao lenye nguvu kuliko yote, na linastahili kujibiwa kwa namba.

Kwa kabaidi isiyo na mipako ikikata chuma cha kaboni, thabiti B iliyotumika sana katika maandishi ya fani hii si moja. Chini ya kelvini 1150 hivi, yaani karibu nyuzi 880 za Selsiasi, ni kama 5,300. Juu ya hapo ni kama 22,000. Mstari umevunjika katikati kwa sababu kisu hakiliki kwa njia moja. Kwenye halijoto ya chini, chembe ngumu zilizo ndani ya chuma hukwaruza makali, na chuma kinachonata hubandua vipande vya kisu kinapoondoka. Kwenye halijoto ya juu, atomi za kisu huanza kuhamia ndani ya utepe wa chuma unaopita, na kishimo kinachimbika juu ya uso wa kisu, nyuma kidogo ya makali, mahali penye joto kali kuliko pote. Aliyepima upande mmoja wa mpaka huu hana haki ya kusema lolote juu ya upande wa pili. Na mpaka wenyewe hauandikwi popote kabla mtu hajaupima.

Sasa fanya hesabu. Tuseme halijoto ya kweli kwenye makali ni kelvini 1250, na programu imekokotoa 1300. Kosa ni nyuzi 50, asilimia 4 tu. Mhandisi yeyote wa uigaji angefurahia usahihi huo. Lakini ukiiweka 22,000 mahali pa B, nyuzi hizo 50 zinafanya ulikaji uliokokotolewa uwe karibu mara mbili ya ulikaji wa kweli. Kisu kitakachodumu dakika 20 programu inakipa dakika 10. Na kosa likielekea upande wa pili, kisu kinachoahidiwa dakika 20 kinakufa katikati ya kazi, kikiharibu kipande ambacho huenda kimeshatumia saa nyingi za mashine. Kosa dogo la joto ni kosa kubwa la maisha ya kisu. Udhaifu huu hautokani na uzembe wa mwandishi wa programu. Umo katika maumbile ya mlinganyo, na hakuna kompyuta yenye kasi ya kutosha kuuondoa.

Na halijoto hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo watetezi wanapopita haraka, na ndipo inapotupasa kukaa.

Ili ukokotoe joto la makali, lazima ujue chuma kinapinga vipi kinapolazimishwa kubadili umbo kwa kasi ya kutisha, kikiwa na joto kali. Mlinganyo unaotumiwa na wengi ni ule wa Gordon Johnson na William Cook, waliouwasilisha mwaka 1983 kwenye mkutano wa balistiki mjini The Hague, Uholanzi. Kazi yao ilihusu risasi, milipuko na vitu vinavyogongana kwa kasi kubwa. Ulikuwa mlinganyo mzuri kwa kazi hiyo, na bado ni mzuri. Lakini vipimo vinavyouzaa hufanywa kwa mitambo inayofikisha kasi ya mabadiliko ya umbo ya maelfu kwa sekunde. Pale kisu kinapokutana na chuma, kasi hiyo ni makumi ya maelfu na inaweza kufika milioni. Chuma kinapashwa joto kwa nyuzi mamia kadhaa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Programu inauchukua mlinganyo uliopimwa kwingine na kuunyoosha hadi mahali hapo, ambapo vipimo vyake havijawahi kufika. Ndiyo maana kwa aloi moja ya titani, ile inayoitwa Ti-6Al-4V na kutumika sana katika ndege, maandishi ya kitaalamu yana seti nyingi za thabiti za Johnson na Cook zisizokubaliana. Ukichagua seti moja unapata joto moja. Ukichagua nyingine unapata joto jingine. Kisha joto hilo linaingia kwenye mlinganyo wa Usui, ambao tumeona unavyokuza kila kosa.

Msuguano nao una mushkeli wake. Katika vitabu vya shule, msuguano ni namba moja inayozidishwa kwa kani ya kukandamiza. Kwenye uso wa kisu hali si hiyo. Zorev, Mrusi, na baadaye Edward Trent wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba karibu na makali chuma hakitelezi juu ya kisu kwa maana ya kawaida. Kinashika. Kinagandamana na kisu kwa nguvu kiasi kwamba mwendo unatokea ndani ya tabaka jembamba la chuma chenyewe, si baina ya nyuso mbili. Programu nyingi hupewa namba ya msuguano, na namba hiyo hurekebishwa mpaka kani iliyokokotolewa ilingane na kani iliyopimwa. Fikiri maana yake: majibu yamelinganishwa na kipimo kabla ya kuitwa utabiri.

Tena kuna suala la muda, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote na ndilo linalotajwa kidogo kuliko yote. Kwa kasi ya kukata ya mita 200 kwa dakika, chuma kinapita mbele ya kisu milimita 3 na kitu katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uigaji wa kina, unaogawa chuma katika vijipande maelfu na kufuatilia kila kimoja, kwa kawaida huhesabu sehemu chache za elfu za sekunde, maana hata hizo hula saa nyingi za kompyuta. Lakini katalogi za visu hutoa kasi zake kwa kukadiria maisha ya dakika 15. Katika dakika 15, kwa kasi ile ile, chuma kinachopita ni kilomita 3. Programu inatazama milimita chache na kutangaza habari za kilomita tatu.

Inafanyaje? Inakokotoa kasi ya ulikaji katika kipande kile kifupi, inazidisha kwa dakika, inalisogeza umbo la kisu kana kwamba kimelika, halafu inaanza upya. Hata kupasha kisu joto ni tatizo: katika sehemu hizo chache za elfu za sekunde kisu cha kweli bado hakijapata moto, maana kinahitaji sekunde kadhaa kufikia joto lake la kudumu. Kwa hiyo wachunguzi huikuza kwa makusudi kasi ya joto kuingia kwenye kisu, au hukipunguzia kisu uwezo wa kuhifadhi joto, ili kifike haraka. Hawafichi, wanaandika katika makala zao wenyewe, na kama njia ya kukokotoa ni halali. Lakini msomaji wa picha ya rangi haambiwi kwamba joto analolitazama lilisukumwa.

Hoja nyingine ya watetezi ni kwamba programu zimethibitishwa. Wanaleta jedwali: kani iliyopimwa, kani iliyokokotolewa, tofauti ndogo. Naomba wasomaji wawe wakali hapa. Kani kuu ya kukata ni rahisi kuipata karibu kwa usahihi, kwa sababu inategemea zaidi ukubwa wa eneo linalokatwa na ukinzani wa chuma kwa jumla. Inaweza kulingana hata pale joto la makali limekosewa kabisa. Mara nyingi kani ya pili, ile inayokisukuma kisu kurudi nyuma, hutoka ndogo kuliko ya kweli katika uigaji ule ule. Na kani hiyo ndiyo inayobeba habari za msuguano na za ubavu wa kisu, yaani mahali penyewe panapolika. Kulinganisha kani kuu na kutangaza kwamba ulikaji umethibitishwa ni kujibu swali ambalo halikuulizwa. Kipimo cha ulikaji ni ulikaji. Kanuni ya kimataifa ya ISO 3685 imekiweka wazi kwa kazi ya kukereza: kisu kimekwisha pale mkanda uliolika ubavuni unapofika wastani wa milimita 0.3. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha nayo, dakika baada ya dakika, tangu kisu kipya hadi kisu kilichokufa.

Hata chuma chenyewe hakikubali kuwa jina tu. Programu ina orodha, na mtumiaji huchagua jina kwenye orodha hiyo. Lakini vyuma viwili vyenye jina moja, kiasi kimoja cha kaboni na ugumu mmoja vinaweza kutofautiana sana katika kuviua visu, kutegemea jinsi vilivyosafishwa kiwandani. Chuma kilichoondolewa oksijeni kwa alumini kinabaki na chembe ngumu za oksidi zinazokwaruza. Kilichotibiwa kwa kalsiamu kinaweza kuacha juu ya uso wa kisu utando laini unaokilinda. Jina kwenye orodha ni lile lile. Maisha ya kisu si yale yale.

Kwetu hili halihitaji maelezo marefu. Fundi wa kukereza wa Gerezani au Gikomba hupokea shafti iliyochongwa kutoka ekseli ya lori lililokufa, au nondo nene iliyoyeyushwa kutokana na chuma chakavu. Chuma hicho hakina cheti wala jina katika orodha yoyote ya programu. Fundi anajua kasi inayofaa kwa kusikiliza sauti ya mashine, kutazama rangi ya maranda ya chuma yanayotoka, na kukishika kisu mkononi kukagua makali. Ujuzi huo unaweza kuandikwa, kupimwa na kufundishwa. Ni ujuzi wa kipimo, na ndio msingi ambao uigaji mzuri ungeweza kujengwa juu yake. Kumwambia kijana wa chuo kwamba hana la kujifunza hapo kwa sababu programu inajua ni kumnyang'anya msingi na kumwachia paa.

Wako pia wanaosema kwamba akili bandia imetatua tatizo: badala ya milinganyo, kompyuta ijifunze yenyewe kutokana na data. Data ipi? Ni vipimo vya visu vilivyolika. Mashine inayojifunza ina njaa ya majaribio kuliko mlinganyo wa Usui, kwa sababu haina hata fizikia ya kujazia mapengo. Hoja hii hailiondoi jaribio. Inalihitaji kwa wingi zaidi.

Nije sasa kwenye hoja ya gharama, ambayo ndiyo inayowashawishi wakuu wa viwanda na vyuo. Wanasema majaribio ni ghali, na wanamtaja Frederick Winslow Taylor. Ni kweli kwamba kazi ya Taylor ilikuwa kubwa mno. Alianza mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, na alipotoa ripoti yake mbele ya wahandisi wa mitambo wa Marekani mwishoni mwa 1906 ilikuwa imepita miaka 26. Yeye na wenzake walikuwa wamegeuza kuwa maranda zaidi ya pauni 800,000 za chuma, yaani tani 360 hivi. Lakini Taylor alikuwa akitafuta sheria zenyewe: athari za mambo 12 tofauti, kuanzia umbo la kisu hadi maji ya kupozea, kabla hapajakuwa na sheria yoyote. Sisi tumerithi sheria hizo. Mlinganyo wake, unaohusisha kasi ya kukata na maisha ya kisu, unahitaji thabiti mbili tu kwa kila jozi ya kisu na chuma.

Hebu tukadirie. Kereza kwa kasi ya mita 150 kwa dakika, kina cha milimita 2, kisu kikisogea milimita 0.25 kila mzunguko. Kila dakika unaondoa sentimita 75 za ujazo, chini kidogo ya gramu 600 za chuma. Kisu kikidumu dakika 15, kimekula karibu kilo 9. Chukua kasi nne, 120, 140, 160 na 180, na rudia kila moja mara tatu ili uone mtawanyiko. Ikiwa kipeo cha mlinganyo wa Taylor, mojawapo ya thabiti zile mbili, ni 0.25, ambacho ni cha kawaida kwa kabaidi, majaribio yote 12 yatatumia kilo 120 hivi za chuma. Ongeza mashine ya kukereza iliyo imara, hadubini yenye kipimo cha sehemu ya mia ya milimita, saa, daftari na mtu makini. Maranda yenyewe yanauzwa kwa wayeyushaji wa chuma chakavu. Kati ya hayo hakuna linaloshinda uwezo wa chuo cha ufundi cha mkoa.

Na jaribio hilo linakupa kitu ambacho programu haitoi: mtawanyiko. Visu kumi kutoka boksi moja, vikikata chuma kimoja kwa kasi moja, havifi dakika moja. Kimoja kinamenyeka makali mapema, kingine kinapita wastani kwa mbali. Programu inatoa jibu moja, kwa sababu ndani yake visu vyote ni kisu kimoja na chuma chote ni chuma kimoja. Meneja wa kiwanda hahitaji kujua wastani tu. Anahitaji kujua kile kitakachokufa mapema kitakufa lini. Akikosa kujua, anabadilisha visu vyote kabla ya wakati ili awe salama, na kabaidi nzima inatupwa ikiwa na nusu ya maisha yake. Ubadhirifu huu unatuhusu kwa karibu. Kabaidi ya kukatia ni chembe za kabaidi ya tangsteni zilizounganishwa kwa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, katika Lualaba na Katanga ya Juu, na watu wanaozungumza lugha hii ninayoiandika. Kilichotolewa ardhini Kolwezi kwa jasho la namna ile hakistahili kutupwa kwa sababu mtu alipuuza kupima.

Lipo jambo jingine ambalo uigaji hauwezi hata kulikaribia, nalo ni ugunduzi. Mwaka 1898, katika kiwanda cha Bethlehem, Pennsylvania, Taylor na Maunsel White walikuwa wakijaribu namna ya kuvichoma moto visu vya chuma chenye kromiamu na tangsteni. Kila mhunzi wa zama hizo alijua kwamba ukikipasha kisu kupita nyuzi 900 hivi unakiharibu. Walipoendelea kupandisha joto hadi karibu na kuyeyuka, kisu kilichotoka kiliweza kukata kikiwa kimeiva moto, kwa kasi ambazo karakana hazijawahi kuona. Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 yaliwaacha wahandisi wa Ulaya vinywa wazi. Hicho ndicho chuma cha kasi kubwa ambacho mafundi wetu wanakinoa kwenye jiwe mpaka leo. Lau wangekuwa na kompyuta iliyojazwa elimu yote ya mwaka 1897, ingewaambia kwa uhakika kamili wasijaribu. Uigaji unaujua ulimwengu uliokwisha kupimwa tu. Jaribio ndilo pekee linaloweza kutukatalia.

Sasa nitoe haki yake. Uigaji una kazi tatu ambazo unazifanya kuliko chombo kingine. Kwanza, unatusaidia kufikiri juu ya mahali pasipoonekana: eneo la mgusano wa kisu na chuma ni dogo, limefunikwa, na ni vigumu kuliingiza kipimajoto. Pili, unafaa kulinganisha: kama pembe hii ya kisu inapunguza joto kuliko ile, makosa ya namba kwa kiasi fulani yanafutana, na mwelekeo unaweza kuaminika hata pale kiasi hakiaminiki. Tatu, unapunguza idadi ya majaribio kwa kuchuja mawazo yasiyo na tumaini kabla hujanunua chuma. Anayeutumia hivyo, naye nampa mkono.

Lakini hata hapo kwenye mahali pasipoonekana, tusidanganywe kwamba kompyuta ndiyo iliyotufungulia mlango. Wachunguzi walibuni mitambo ya kukichomoa kisu ghafla katikati ya kukata, utepe wa chuma ukabaki umeshikamana na kipande, kisha wakaupasua, wakaung'arisha na kuutazama chini ya hadubini. Trent na Paul Wright waliutumia muundo wa ndani wa visu vya chuma cha kasi kubwa, unaobadilika kwa joto, kuchora ramani ya halijoto ndani ya kisu chenyewe. Ramani hizo, pamoja na vipimo vingine vya aina yake, ndizo zilizowafundisha waandishi wa programu joto kali liko wapi. Tunachokijua juu ya eneo hilo tulikipata kwa kulisimamisha na kulitazama.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayadai kwa yeyote anayefundisha, anayeuza au anayechapisha uigaji wa ulikaji. Aseme thabiti zake zilitoka wapi: kisu gani, chuma gani, kasi zipi, halijoto zipi. Asitoe jibu nje ya mipaka hiyo bila kulitangaza wazi kuwa ni la kukisia. Alinganishe ulikaji na ulikaji, si kani na kani. Na mwanafunzi yeyote asipewe shahada ya kuiga ukataji wa chuma kabla hajakereza mwenyewe, akakipima kisu chake hadi milimita 0.3, na akachora mkunjo wa ulikaji wake kwa mkono.

Vyuo vyetu vinasukumwa kununua programu kwa sababu inaonekana ndiyo usasa, huku mashine za kukereza zikifunikwa turubai. Huo ni mpangilio uliopinduliwa. Nchi inayotaka kutengeneza vipuri vyake yenyewe inahitaji kwanza watu wanaojua chuma chake kinavyokula visu, na maarifa hayo hayanunuliwi kwa leseni, kwa sababu hakuna aliyeyapima kwa niaba yetu. Tukiyapima, uigaji utakuwa na kitu cha kusimamia, nasi tutaukaribisha. Tusipoyapima, tutakuwa tunakokotoa chuma cha watu wengine.

Anayetaka tuamini rangi za programu yake atuletee kwanza kisu kilicholika, kikiwa kimepimwa, kwa chuma kile kile na kwa kasi ile ile. Asipokuwa nacho, hajatabiri, amedhani.